Jina la Jagoda kwenye Kadi

Imotski, 14 Novemba 2004

Dada yangu Ruža,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Najua huko monasterini unaitwa Sista Skolastika, mwaka wa ishirini sasa, lakini jina hilo likifika mdomoni mwangu linagoma kutoka. Kama Mama Abesi, mkuu wenu, anaisoma barua hii kabla yako, namwamkia kwa heshima na naomba anivumilie.

Sisi tu wazima. Upepo wa bura umevuma siku nne mfululizo ukang'oa vigae sita upande wa jikoni, nikapanda mwenyewe kuvirudisha. Siku ya Watakatifu Wote tulipeleka maua kaburini kwa Milka. Tulipata krisanthemu za njano. Marehemu mke wangu asingezipenda, lakini ndizo zilizobaki sokoni. Kabichi tumeshaitia kwenye pipa. Nguruwe mwaka huu hatukuchinja, mgongo wangu unanisumbua, na watu wawili nguruwe mzima wa nini? Jagoda hajambo. Mikono yake imechanwachanwa na miiba, anasema anamsaidia jirani yetu Kata kusafisha shamba. Nikamwambia kwamba Kata ana wana wawili Ujerumani, warudi wao wachanike. Akacheka tu.

Sasa nije kwenye shida yangu, nayo ni ndogo. Wewe ulikaa ofisi ya kodi miaka kumi na minne kabla Mungu hajakuita, na huko unatunza vitabu vya monasteri, kwa hiyo sheria huzijui kwa kusikia tu. Kuna mwenzangu hapa kiwandani ana binti wa miaka thelathini. Binti amesoma mpaka chuo kikuu, hana kazi, anaishi nyumbani, na jina lake limo kwenye kadi ya kodi ya baba yake kama mtegemezi. Je, binti huyo akipata kazi ya muda, jina linafutwa kabisa, au linafutwa halafu linarudi kazi ikiisha? Na kama linafutwa kabisa, hakuna namna? Mwenzangu anataka kujua, nami nimemwahidi.

Ndugu yako,
Grgo


Monasterini, 24 Novemba 2004

Mpendwa Grgo,

Amani iwe nyumbani kwako. Barua yako imenifikia jana, na Mama Abesi amepokea maamkizi yako akacheka. Hapa tumemaliza kuchuma zeituni. Sista Klara, mkongwe wetu, ametimiza miaka tisini na bado anaimba zaburi kwa sauti ya juu kuliko sisi wote, wala hakuna wa kumkataza. Mimi goti linanikumbusha kila asubuhi kwamba ngazi za kwaya ni ishirini na mbili.

Huyo mwenzako wa kiwandani mwenye binti wa miaka thelathini, msalimie sana, hasa kama ana masharubu na amelala maisha yake yote kwenye chumba kinachotazama kisima cha mzee wetu.

Mwambie hivi. Mtoto aliyemaliza masomo anaendelea kuhesabiwa mtoto kwenye kadi ya mzazi, hata akiwa na mvi, mpaka ajira yake ya kwanza. Siku anapoandikishwa kazini kwa mara ya kwanza, hesabu hiyo imekwisha. Kazi ikimtoka, anaweza kuandikwa tena kama ndugu asiye na kipato, lakini kama mtoto, hapana. Sheria inaona ameshavuka mlango. Namna nyingine haipo, na kama ipo sitaki kuijua.

Ila mwambie asihangaike kabla ya kujua anahangaikia kiasi gani. Anitumie jumla ya mshahara wake wa mwaka, nimpigie hesabu atakosa nini jina likitoka. Mara nyingi watu wanapigania kitu kisichotosha hata kununua viatu.

Jumapili tunaingia Majilio. Mpaka Noeli hatuandiki barua, na zinazokuja zinakaa kwenye kabati la Mama Abesi. Nawaombea wewe na Jagoda. Nilimwacha ana miaka kumi, na bado kwenye sala namwona na ile misuko miwili.

Sista Skolastika


Imotski, 6 Januari 2005

Dada Ruža,

Heri ya mwaka mpya na ya sikukuu ya Mamajusi. Paroko amepita leo kubariki nyumba, kaandika herufi zake kwa chaki juu ya mlango, kakaa dakika saba nilizozihesabu, kanywa pombe ya rakija glasi mbili. Mkesha wa Noeli tulikula dagaa na viazi. Bakalari, ule samaki mkavu wa kila Noeli, tumeiacha mwaka huu, Jagoda hapendi ile harufu inavyokaa kwenye mapazia.

Haya, umeshinda. Mwenzangu ni mimi. Nilijua utajua, nikaandika vile vile, kwa sababu uso haupo kwenye karatasi.

Jambo lenyewe ni hili. Ofisi ya misitu ya Delnice imempa Jagoda kazi. Siyo ya msimu, ni ya kudumu, kwa ile shahada yake ya misitu aliyokaa nayo miaka sita kwenye droo. Delnice ni huko kwenye theluji, mwendo wa siku nzima kwa mabasi mawili. Barua yao ilikuja mwezi wa kumi na moja. Walimtaka mwaka mpya, akaomba muda, wakamwongezea: atoe jibu kabla ya siku ya kwanza ya Machi, aanze kazi katikati ya mwezi.

Mezani nikamwambia, "Mwanangu, subiri kidogo, ukiandikishwa tu unafutwa kwenye kadi yangu, na serikali itanikamua." Akaniuliza, "Itakukamua kiasi gani, baba?" Nikamwambia mambo ya kodi hayaelezeki wakati wa kula. Akasema, "Basi muulize shangazi. Shangazi akisema ni hasara, nitakaa."

Unaona, Ruža? Wewe anakuamini. Hajakuona miaka ishirini, ila shangazi akisema, limesemwa. Kwa hiyo nakuomba kitu ambacho sijawahi kukuomba. Mwandikie karatasi moja, na vifungu na namba za vifungu, kwamba jina lake likitoka mwaka huu baba yake ataumia. Huna haja ya kuandika uongo mkubwa. Andika tu kwa ile lugha yenu ya ofisini ambayo mtu akiisoma anaogopa. Mwaka mmoja tu, nizoee kidogo kwamba anaondoka. Nyumba hii ina vyumba vitano na Milka hayupo.

Grgo


Monasterini, 17 Januari 2005

Mpendwa Grgo,

Amani kwako. Asante kwa habari za paroko. Huku tumepata theluji ya nusu siku, na Sista Klara alishushwa uani na kiti chake aiguse kwa mkono. Tulikula maandazi ya sukari siku tatu kwa sababu mtu alituletea unga mwingi kuliko midomo yetu.

Karatasi hiyo sitaiandika. Ningekuwa bado nimeketi nyuma ya lile dirisha la ofisi nisingeiandika, na sasa ndiyo kabisa. Usinikasirikie, au nikasirikie kidogo kisha uache.

Kuhusu vyumba vitano nimekusikia. Nilipovisoma nilienda kwenye kanisa letu nikakaa.

Lakini kuna vitu viwili vinanisumbua. Kwanza, nilikuomba jumla ya mshahara wako wa mwaka. Umeandika kurasa mbili, umenieleza paroko kanywa glasi ngapi, na mshahara hukuutaja. Pili, Jagoda alipokuwa mdogo alikuwa anasimama kwenye kigoda kumsaidia mama yetu kuponda bakalari, na alikuwa akilamba mwiko mpaka anapigwa. Mtu anaweza kubadilika, sikatai.

Mwajiri anapaswa kukupa karatasi ya mwaka mwezi huu, ile yenye mshahara, makato na kodi. Itume. Ukiona aibu ya kutuma, niandikie namba moja tu, ya mwisho kabisa upande wa kulia, ya kodi uliyokatwa. Jumatano ya Majivu ni tarehe tisa Februari. Baada ya hapo kabati linafungwa mpaka Pasaka.

Sista Skolastika


Imotski, 31 Januari 2005

Ruža,

Hatujambo. Baridi ni kali. Bomba la uani limepasuka, nimelifunga kwa mpira.

Sikuamini nilipoisoma barua yako. Nimekuomba kitu kimoja, unanijibu na bakalari. Ulikuwa hivyo hivyo ofisini, watu wa Imotski walikuwa wanavuka barabara wakikuona unakuja na mkoba.

Mshahara wangu ni wa msimamizi wa karakana mwenye miaka thelathini na minne kwenye kiwanda kimoja. Vitasa vyangu vya milango viko kwenye nusu ya hoteli za pwani hii, na watu wanavishika kila siku bila kujua. Hiyo ndiyo habari ya mshahara wangu. Kazi inaendelea kama kawaida.

Unataka namba ya mwisho upande wa kulia? Nakupa. Ni sifuri. Mwaka mzima wa jana sikukatwa kodi hata senti moja. Umeona sasa? Hivyo ndivyo jina la Jagoda linavyofanya kazi kwenye kadi. Halafu unaniambia watu wanapigania kitu kisichonunua viatu. Weka hiyo sifuri mezani kwa Mama Abesi muiangalie wote wawili.

Na kwa kuwa unapenda ukweli, nami nina wangu. Wewe uliondoka tukiwa shambani tunavuna zabibu. Tulirudi tukakuta ufunguo juu ya meza na mistari minne ya maandishi. Mama aliendelea kuweka sahani yako mpaka Noeli. Mimi ndiye niliyekuwa naiondoa mezani, kila siku, ikiwa safi. Kwa hiyo usinifundishe namna ya kumwachia mtu aende, mimi nimeshafanyiwa.

Grgo


Monasterini, 15 Februari 2005

Grgo,

Hii ni Kwaresima na ninakuandikia. Nilikwenda kwa Mama Abesi kuomba ruhusa. Kanuni inaruhusu barua kwa msiba tu. Akaniuliza, "Nani amekufa, Sista?" Nikamwambia, "Hajafa mtu. Ndugu yangu mdogo amenitumia sifuri." Akanipa karatasi moja na kusema nisigeuze upande wa pili. Kwa hiyo nitasema kwa kifupi.

Jina la mtoto mmoja kwenye kadi linasamehe kodi ya sehemu ndogo ya mshahara. Ya mshahara wa msimamizi halisamehi yote. Ungekuwa na akina Jagoda watatu, bado ungekatwa kitu. Nimeona kadi maelfu. Sifuri ya mwaka mzima haiji kwa sababu ya mtoto, inakuja kwa sababu hakuna mshahara wa kukatwa.

Hawakulipi, Grgo. Tangu lini? Nguruwe hamkuchinja, bakalari hamkununua, na unaniandikia kwamba kazi inaendelea kama kawaida. Najua viwanda vinavyofanya hivyo, watu wanaingia na kutoka kwa kengele ili wasipoteze miaka yao ya pensheni, na mwisho wa mwezi hamna kitu. Una miaka hamsini na minne, nani mwingine atakuajiri, na pensheni bado iko mbali. Hakuna aibu yako hapo hata moja.

Lakini hilo jina unalolipigania halikuokolei chochote. Kwenye sifuri hakuna cha kusamehe. Unamzuia mtoto asiende kazini kwa ajili ya kitu ambacho hakipo.

Na nijibu hili, au afadhali ujijibu mwenyewe: kama wewe hulipwi, mkate wa nyumba hiyo ananunua nani?

Kuhusu sahani, nimefika mwisho wa karatasi.

Sista Skolastika


Imotski, 20 Machi 2005, Jumapili ya Matawi

Dada yangu Ruža,

Barua hii itakaa kabatini wiki nzima kabla hujaiona, na ni vizuri, nami nitapumua kidogo kabla hujanijua vizuri.

Barua yako ilifika Ijumaa ya mwisho ya Februari. Niliisomea kiwandani, kwenye jiko la kuni ambapo tunakaa sasa, watu kumi na wanane, kwa sababu mitambo haiwashwi tena na umeme ulishakatwa. Tunaingia saa moja asubuhi, tunagonga kadi za mahudhurio, tunacheza karata, saa tisa tunatoka. Hatujalipwa tangu Desemba ya mwaka juzi. Mwezi wa kumi na sita huu. Kila mwezi mkurugenzi anasema mwezi ujao. Mimi nilikuwa namwamini, halafu nikawa namwamini nusu, halafu nikawa nakwenda tu.

Nyumbani sikusema. Juu ya friji lipo kopo la kahawa la Milka ambalo ndilo mfuko wa nyumba. Mwanzo nilikuwa nalijaza kwa akiba yetu. Nikauza mtungi wa shaba wa kupikia rakija, ule wa mzee, nikamwambia Jagoda nimeuazima kwa mtu. Mwezi wa nane akiba ikaisha. Kuanzia hapo sikutia kitu kwenye lile kopo, Ruža. Na kopo halikuisha. Nachukua ya mkate, nachukua ya sigara, kesho yake zipo. Unajua nilijiambia nini? Nilijiambia kwamba siku hizi nabana matumizi vizuri. Mtu mzima, msimamizi wa karakana, nikaamini kwamba kopo linajaa kwa sababu nabana matumizi. Nilijua, na nilikuwa sitaki kujua.

Ile Ijumaa nikarudi na barua yako mfukoni. Jagoda kapika supu ya maharage. Nikakaa. Nikasema, "Jagoda, mimi sijalipwa."

Akasema, "Najua, baba. Kula, inapoa."

"Unajua tangu lini?"

"Ljubica wa uhasibu aliniambia mwezi wa pili wa mwaka jana. Alidhani umeniambia. Akapaliwa na kahawa yake, masikini."

Nikamuuliza hela za kopo zinatoka wapi. Akanyoosha ile mikono. Kata hana hata mizabibu ya kutosha mtu mmoja. Mtoto wangu amekuwa akisafisha miiba na kupogoa mizabibu vijiji vinne, Proložac mpaka Runović, kwa baiskeli, kazi isiyoandikwa popote. Watu wote wanajua. Wananisalimu barabarani, wananiuliza habari za kiwanda, na juzi binti yangu ametoka kwenye shamba lao.

Nikamwambia, "Kwa nini hukusema?"

Akasema, "Na wewe kwa nini hukusema? Mimi nilikuwa nasubiri. Nilitaka kwenda Delnice tangu Novemba, lakini ningeondokaje? Ungebaki na kopo tupu na bado ungeniambia kwenye simu kwamba umekula nyama." Kisha akasimama akatoa bahasha nyuma ya picha ya mama yake. Ilikuwa imeshafungwa na kubandikwa stempu. Ni barua ya kuwaambia Delnice kwamba anashukuru ila hawezi kuja, ana mzazi wa kumtunza. Alikuwa anasubiri posta ifunguliwe Jumatatu. Mzazi wa kumtunza, Ruža. Na mimi kwenye kadi nimemwandika yeye ndiye ninayemtunza.

Nililia. Nakuambia kwa sababu uko mbali. Sikulia hivyo kwa Milka, kwa Milka kulikuwa na watu. Jagoda alinipa kitambaa cha vyombo, kikiwa na maharage, nikajifuta nacho. Akasema, "Baba, umejipaka supu." Tukacheka kama watu wasio na akili. Kisha nikaichana ile bahasha mwenyewe. Alinizuia kidogo, alitaka kuokoa stempu.

Jumatatu akawapigia simu Delnice kwamba anakwenda, kisha tukaenda wote kiwandani kwa Ljubica. Alitoa kadi yangu kwenye droo, akasoma jina la Jagoda kwa sauti, akaniuliza mara mbili kama nina hakika, halafu akaandika tarehe ambayo jina litakoma. Dakika moja haikufika. Nilidhani nitahisi kitu kikubwa, nikahisi njaa.

Ameondoka Jumatatu iliyopita. Alikuwa ameshapewa kadi yake mpya ya kodi, ya kwanza maishani, nyeupe kabisa. Asubuhi ile, basi limeshawasha injini stendi, akaniambia, "Baba, nitajie namba yako ya raia." Nikamtajia, nikidhani anataka kuniandikia mambo ya bima. Alikuwa ameishika ile kadi juu ya goti. Kwenye ukurasa wa wategemezi, mstari wa kwanza, aliandika jina langu, na mbele yake akaandika "baba", kwa mwandiko wa haraka, dereva anapiga honi. Akasema ataipeleka ofisi ya kodi ya Delnice wamgongee muhuri. Nikamwambia, "Wewe, mimi bado niko kwenye vitabu vya kampuni." Akasema, "Kaa huko kwenye vitabu vya kampuni. Kula utakula kwenye vyangu." Mlango ukafungwa. Hakuacha ufunguo juu ya meza, ameondoka nao.

Sasa nakuuliza kama karani, siyo kama dada. Je, inaruhusiwa? Mimi siishi naye tena, na mshahara wangu upo kwenye makaratasi ingawa haupo mfukoni. Sitaki mtoto aanze kazi akiwa na kosa mbele ya serikali kwa sababu yangu. Na kama inaruhusiwa, ni mpaka lini? Maana kwake yeye ilikuwa mpaka ajira ya kwanza. Mimi ajira ya kwanza nilishaipata mwaka elfu moja mia tisa sabini.

Sigara nimepunguza. Vyumba bado ni vitano. Nimehamia kulala kile cha jikoni, kina joto.

Ndugu yako,
Grgo


Monasterini, 29 Machi 2005

Mpendwa Grgo,

Kristo amefufuka. Mama Abesi amefungua kabati Jumapili baada ya misa, na barua yako ilikuwa ya juu kabisa. Nadhani aliipanga hivyo. Sista Klara anakusalimu, anadhani wewe ni askofu, nimemwacha hivyo hivyo kwa kuwa ni sikukuu.

Nimeisoma mara nne, na mara ya nne niliisoma kwa sauti nikiwa peke yangu bustanini, ile sehemu ya supu.

Kwanza nikujibu ulichonilaumu mwezi wa kwanza. Sikusubiri mrudi kutoka kwenye zabibu kwa sababu nilijua mama akinishika mkono tu nisingeondoka. Nilidhani huo ulikuwa uamuzi wa kiroho. Ulikuwa uoga. Habari ya sahani sikuijua mpaka ulipoiandika. Nisamehe, na asante kwa kuiondoa mezani kila siku bila kumwambia mama kitu.

Sasa karani anakujibu. Mzazi anaandikwa kwenye kadi ya mtoto bila shida, wala si lazima walale chini ya paa moja. Kinachohesabiwa kuwa kipato ni kile ulichopokea mkononi. Kinachoahidiwa na mkurugenzi mbele ya jiko la kuni siyo kipato. Kwa hiyo Jagoda hana kosa lolote. Lakini siku watakapokulipa, hata kama ni nusu ya deni, umjulishe siku hiyo hiyo aangalie kiwango, na akupunguze au akufute. Sifanyi mzaha. Kingine, wewe na hao wenzako kumi na saba muende mahakama ya kazi mjini mkafungue madai ya mishahara yenu, ila msiende mmoja mmoja. Nimekuandikia maelezo kwenye karatasi ya pili, na vifungu na namba za vifungu, kwa ile lugha ya ofisini ambayo mtu akiisoma anaogopa. Mpe mkurugenzi nakala.

Uliuliza pia ni mpaka lini. Nimeitoa sheria kwenye rafu ya hesabu za monasteri, nikakisoma kifungu chote, kisha nikakirudia nikidhani nimeruka mstari. Mtoto anaandikwa mpaka ajira yake ya kwanza. Kwa mzazi, Grgo, hawakuandika mwisho.

Dada yako,
Ruža